Moto wa Notre-Dame de Paris: Namna Watu Walivyoupokea, na Swali la Marhamu ya Bethania

Jioni ya tarehe 15 Aprili 2019, Jumatatu ya Juma Kuu, moto ulizuka kwenye paa la Kanisa Kuu la Notre-Dame, mama wa makanisa ya Jimbo Kuu la Paris nchini Ufaransa. Ndani waamini walikuwa wakishiriki Misa Takatifu ya jioni. King'ora cha kwanza kililia yapata saa 12:20 kwa saa za huko. Mlinzi aliyetumwa kukagua alielekezwa kwanza kwenye dari ya sakristia, mahali pasipohusika, na karibu nusu saa ya thamani ikapotea. Saa 1:50 mnara mwembamba wa katikati, uliojengwa na msanifu Eugène Viollet-le-Duc katika karne ya 19, ulikatika na kuanguka, ukatoboa dari ya mawe na kuiponda altare.

Mihimili ya paa ilikuwa ya miti ya mialoni, mingi yake ya karne ya 13, iliyosongamana kiasi kwamba watu wa Paris waliiita "msitu". Juu yake palikuwa na mabati ya risasi yenye uzito wa zaidi ya tani 200. Askari wa zimamoto wapatao 400 walipambana usiku kucha. Wachache kati yao walipanda ndani ya mnara wa kaskazini, wakijua kwamba kengele zikianguka mnara utaporomoka nao wakiwemo. Kuta na minara miwili ya mbele vikaokolewa. Theluthi mbili za paa ziliteketea, lakini hakuna mtu aliyepoteza maisha.

Habari za moto wenyewe zimekwisha kuandikwa sana. Makala haya yanatazama jambo lingine, yaani namna watu walivyoupokea moto huo: waliosali, waliotoa fedha, walionung'unika na waliozusha uongo. Katika siku chache mjini Paris yaliibuka maswali ambayo kila parokia inayojenga kanisa, hata ile ya kijijini yenye kuta za matofali ya kuchoma, inayafahamu vizuri.

Waliopiga magoti kando ya mto

Moto ulipokuwa bado unawaka, umati ulikusanyika kwenye kingo za mto Seine na kwenye madaraja yaliyo karibu. Mwanzoni watu walitazama kwa kimya. Kisha kikundi kimoja, wengi wao vijana, kikaanza kuimba Salamu Maria kwa Kifaransa, na wengine wakapiga magoti juu ya lami. Televisheni za taifa linalojitambulisha rasmi kuwa halina dini, ambako wabatizwa wanaoshiriki Misa ya Dominika ni wachache, zikarusha sala hiyo mubashara kwa dunia nzima. Mapema siku iliyofuata Baba Mtakatifu Francisko alimwandikia Askofu Mkuu Michel Aupetit wa Paris kuonesha ukaribu wake. Jumatano, tarehe 17 Aprili, saa 12:50 jioni, ile ile ambayo moto ulianza kuonekana kwa watu, makanisa makuu ya Ufaransa yalipiga kengele zake kwa pamoja. Siku hiyo hiyo Misa ya Krisma, ambayo kwa kawaida ingeadhimishwa Notre-Dame, iliadhimishwa katika kanisa la Saint-Sulpice. Mapadre wa Paris wakarudia ahadi zao za upadre wakiwa wageni katika parokia ya jirani.

Je, machozi yale yalikuwa ya imani? Wengine katika Kanisa walikimbilia kusema kwamba Ufaransa imerudi kwa Mama yake. Ni vema kuwa na kiasi katika jambo hili. Kabla ya moto kanisa hilo lilipokea watu wapatao milioni 12 kwa mwaka, na wengi wao walikuwa watalii. Kuna aliyelia kwa ajili ya riwaya ya Victor Hugo ya mwaka 1831, na kuna aliyelia kwa ajili ya historia ya taifa: Napoleon alijivika taji la kifalme hapo mwaka 1804, na tarehe 26 Agosti 1944 utenzi wa Bikira Maria, Magnificat, uliimbwa hapo Paris ilipokombolewa. Machozi ya namna hiyo si ya bure, lakini si lazima yawe sala.

Hata hivyo mwanadamu haingii katika jengo takatifu bila jengo hilo kumgusa. Mshairi Paul Claudel, kijana asiyekuwa na imani, aliingia Notre-Dame tarehe 25 Desemba 1886 akisukumwa zaidi na udadisi. Akasimama karibu na nguzo wakati wa Masifu ya Jioni, na kwa ushuhuda wake mwenyewe akatoka akiwa anaamini. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (Na. 1180) inafundisha kwamba makanisa yanayoonekana si kumbi za mikutano tu, bali yanalidhihirisha Kanisa lililo hai mahali hapo. Jengo huhubiri hata pale ambapo mhubiri hayupo. Pengine ndiyo sababu waliosahau sala zote walizofundishwa utotoni walijikuta usiku ule wakiikumbuka moja.

Padre Jean-Marc Fournier, aliyekuwa akiwahudumia kiroho askari wa zimamoto wa Paris, aliingia kanisani moto ukiendelea. Magazeti yalieleza zaidi habari za Taji la Miiba, ambalo Mtakatifu Louis IX, Mfalme wa Ufaransa, alilipata kutoka kwa mtawala wa Konstantinopoli na kulipokea mwaka 1239. Padre alisaidiana na askari na watumishi wa serikali kuliokoa. Lakini yeye mwenyewe alisimulia jambo la pili ambalo wengi walilipita haraka: alikwenda kuichukua Ekaristi Takatifu, na kabla ya kutoka akalibariki kanisa lililokuwa likiungua kwa Sakramenti ile ile. Kwa mtu wa makumbusho, Taji lilikuwa hazina kuu ya jengo. Kwa padre, kulikuwa na Mmoja zaidi ndani ya jengo. Makatekista wanaotafuta namna ya kuwaeleza watoto wa Komunyo ya Kwanza uwepo halisi wa Kristo katika Ekaristi hawatapata mfano ulio wazi kuliko huo.

Asubuhi ilisambaa picha ya ndani: vifusi vinafuka moshi, na nyuma yake msalaba wa dhahabu umesimama juu ya sanamu ya Bikira Maria akimpakata Mwanawe. Wengi waliiita muujiza. Kanisa halikutamka hivyo, na halina haja ya kutamka. Dari ya mawe iliyozuia sehemu kubwa ya moto usishuke ilifanya kazi ambayo waashi wa zamani waliikusudia, tangu Askofu Maurice de Sully alipoanzisha ujenzi mwaka 1163. Kumshukuru Mungu kwa ajili ya mafundi hodari ni shukrani kamili.

Fedha, na Injili iliyosomwa siku ile

Moto haujapoa, ahadi za fedha zikaanza kumiminika. Familia ya Pinault ilitangaza yuro milioni 100. Familia ya Arnault pamoja na kampuni yake ya LVMH ikatangaza milioni 200, na familia ya Bettencourt Meyers pamoja na kampuni ya L'Oréal wakatangaza milioni 200 nyingine. Ndani ya siku mbili ahadi zilikuwa zimepita yuro milioni 800. Hesabu ya mwisho ilifikia takriban milioni 846, kutoka kwa watoaji wapatao 340,000 katika nchi 150. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida waliotoa kidogo, ingawa sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa matajiri wachache.

Manung'uniko yakafuata mara moja. Tangu Novemba 2018 Ufaransa ilikuwa katika maandamano ya watu waliovaa vizibao vya njano wakilalamikia ugumu wa maisha. Jumamosi Kuu, siku tano baada ya moto, waliandamana tena mjini Paris, na safari hii waliuliza imekuwaje mamia ya mamilioni yapatikane kwa usiku mmoja kwa ajili ya mawe, ilhali kwa miezi mitano wameambiwa kwamba fedha za watu hakuna. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi waliuliza vivyo hivyo. Wengine wakaonesha kwamba sheria ya Ufaransa inampunguzia kodi anayechangia kazi za namna hiyo, kwa hiyo sehemu ya ukarimu huo ingelipwa na hazina ya umma. Familia ya Pinault ilijibu kwa kutangaza kwamba haitadai punguzo hilo.

Sasa msomaji afungue kitabu cha masomo ya Misa. Injili ya Jumatatu ya Juma Kuu, mwaka hadi mwaka, ni Yn 12:1-11. Maria wa Bethania anampaka Yesu miguu kwa marhamu ya nardo ya thamani kubwa, nyumba inajaa harufu nzuri, na Yuda Iskariote anauliza kwa nini marhamu hayo hayakuuzwa kwa dinari mia tatu wakapewa maskini. Hiyo ndiyo Injili ya siku ambayo Notre-Dame iliungua. Ugomvi uliozuka mjini siku zilizofuata ulikuwa umekwisha kusomwa kwenye mimbari za dunia nzima tangu asubuhi.

Ingekuwa rahisi kumaliza hapo na kuwaita wote walionung'unika wana wa Yuda. Wapo waliofanya hivyo, na huko ni kuwadhulumu watu. Mwinjili Yohane hamlaumu Yuda kwa sababu ya swali lake, bali kwa sababu hakuwajali maskini aliowataja. Alikuwa mwizi wa mfuko. Katika Injili ya Mathayo (Mt 26:8-9) swali lilelile linaulizwa na wanafunzi, watu wenye nia njema. Na jibu la Yesu, kwamba maskini wapo siku zote, mara nyingi hutumiwa kana kwamba limewaondolea watu mzigo. Maneno hayo yanarudisha masikioni mwa Wayahudi amri ya Kum 15:11, ambapo Mungu, kwa sababu hiyohiyo kwamba maskini hawatakoma katika nchi, anaamuru Mwisraeli amfungulie ndugu yake mkono. Bwana anaipokea heshima anayopewa mwili wake, na papo hapo anawakumbusha sheria wale wanaoijua.

Mtakatifu Yohane Krisostomo alilieleza jambo hili bila kupindisha katika homilia yake ya 50 juu ya Injili ya Mathayo. Aliwaonya waliompamba Kristo kwa vitambaa vya hariri kanisani huku wakimpita akiwa uchi na baridi nje ya mlango. Hakuwakataza kulipamba kanisa. Aliwataka waanze na ndugu aliye nje, kisha yaliyobaki yapambe meza ya Bwana.

Kila paroko aliyewahi kusimamia ujenzi anaifahamu hoja hii. Huletwa katika kikao cha Halmashauri ya Walei, kwa kawaida bahasha za michango zinapogawiwa kwa mara ya tatu katika mwaka: ya nini kanisa kubwa, na Jumuiya fulani ina wajane watatu wasio na paa? Ni swali halali, na anayeliuliza asinyamazishwe kwa kuitwa Yuda. Hatua ya kwanza ni kutazama kama Karitasi ya parokia inafanya kazi au imebaki jina kwenye mbao za matangazo. Kisha atazamwe muulizaji mwenyewe, kama ana desturi ya kuwafikia hao wajane. Kwa uzoefu wa wengi wetu, wanaowatembelea wajane mara nyingi ndio walewale wanaobeba mchanga na kokoto siku ya kazi ya kanisa.

Kuna jambo moja la kisheria ambalo mijadala mingi ililisahau. Tangu sheria ya mwaka 1905, makanisa makuu ya zamani ya Ufaransa ni mali ya Serikali, nalo Kanisa limepewa kuyatumia kwa ibada. Michango ile mikubwa kwa hiyo haikuingia katika mfuko wa Askofu Mkuu, bali ililenga jengo la umma. Kwa ajili ya altare mpya, kiti cha kiaskofu, viti vya waamini na vyombo vya ibada, Jimbo Kuu lilipaswa kutafuta fedha zake lenyewe.

"Mbona sisi hatukuliliwa hivi?"

Barani Afrika lilisikika lalamiko jingine. Mwezi mmoja tu kabla ya moto, kimbunga Idai kilikuwa kimeupiga mji wa Beira nchini Msumbiji na kuua mamia ya watu huko na katika nchi jirani za Zimbabwe na Malawi. Siku kumi baada ya moto kimbunga Kenneth kikaikumba Cabo Delgado, ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Wengi waliuliza kwenye mitandao ya kijamii kwa nini kamera zilikaa Paris. Wapo pia waliowacheka Waafrika waliohuzunika, kana kwamba kulilia kanisa la Ulaya ni mabaki ya ukoloni. Wakati huohuo Mfalme Amon N'Douffou V wa Krindjabo, huko Ivory Coast, alitangaza kuchangia ujenzi, akikumbusha uhusiano wa kale kati ya ufalme wake na ikulu ya Louis XIV.

Lalamiko la Beira ni la haki, na linapaswa kuwafikia wenye vyombo vya habari. Kuwazuia watu wasihuzunike ni jambo jingine. Wamisionari waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 walikuwa wa Shirika la Roho Mtakatifu, lililozaliwa Paris mwaka 1703. Mkatoliki wa Morogoro aliyehuzunika kwa ajili ya Notre-Dame alihuzunikia nyumba ya ndugu walioleta Injili kwa babu zake, wengi wao wakizikwa Bagamoyo wakiwa bado vijana. Mtume Paulo anapoagiza kulia pamoja nao waliao (Rum 12:15) haweki kipimo cha umbali wala cha rangi.

Kilichotokea Louisiana nchini Marekani kinastahili kutazamwa. Kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili 2019 makanisa matatu ya Kibaptisti ya Wamarekani Weusi yalichomwa moto kwa makusudi, na mchango wa kuyajenga upya ulikuwa ukienda kwa kusuasua. Baada ya Notre-Dame kuungua, watu wakakumbushana kwamba kuna makanisa mengine yaliyoungua bila kutazamwa, na ndani ya siku chache mchango ukapita dola milioni 2. Huruma kwa kanisa moja ilifungua njia ya kuyaona mengine matatu. Na Dominika ya Pasaka, tarehe 21 Aprili, mabomu yaliua zaidi ya watu 260 nchini Sri Lanka, wakiwemo waamini waliokuwa Misani katika makanisa ya Mtakatifu Anthoni, Colombo, na Mtakatifu Sebastiani, Negombo. Hapo walioungua hawakuwa mihimili. Waliosali kwa ajili ya Paris Jumatatu walijua la kufanya Dominika.

Uvumi

Kabla mnara haujaanguka, uongo ulikuwa umekwisha kuenea: kwamba Waislamu ndio waliochoma, au kwamba wanashangilia. Akaunti bandia zilijifanya ni za vyombo vikubwa vya habari. Hofu haikutoka hewani, kwani tarehe 17 Machi mlango wa kanisa la Saint-Sulpice ulikuwa umewashwa moto kwa makusudi. Lakini kwa Notre-Dame mwendesha mashtaka wa Paris, Rémy Heitz, alieleza tangu mwanzo kwamba hapakuwa na dalili ya uhalifu. Mwezi Juni 2019 uchunguzi wa awali ulitaja hitilafu ya umeme au sigara isiyozimwa vizuri kama mambo yanayowezekana, bila kuthibitisha lolote.

Ukweli uliokuwa mbele ya macho ni tofauti na uvumi huo. Msikiti Mkuu wa Paris ulitoa salamu za huzuni, na Imamu Mkuu wa Al-Azhar, Ahmed al-Tayeb, naye alionesha masikitiko yake hadharani. Miezi miwili kabla, tarehe 4 Februari, alikuwa ametia sahihi pamoja na Papa Francisko Hati ya Udugu wa Kibinadamu huko Abu Dhabi. Kwa Wakristo wanaoishi nyumba kwa nyumba na Waislamu, kutoka Mombasa hadi Kilwa, kusambaza ujumbe wa namna ile kwa simu si jambo dogo: ni kumshuhudia jirani uongo, na Katekisimu (Na. 2477) inakutaja kumhukumu mtu pasipo msingi kuwa ni dhambi dhidi ya heshima yake.

Kazi ya kujenga upya

Rais Emmanuel Macron aliahidi kwamba kanisa litajengwa ndani ya miaka mitano. Wataalamu wengi walitilia shaka. Tarehe 15 Juni 2019, miezi miwili baada ya moto, Askofu Mkuu Aupetit aliadhimisha Misa katika kikanisa cha nyuma akiwa na watu wapatao 30, wote wamevaa kofia za ujenzi. Kazi iliongozwa na Jenerali Jean-Louis Georgelin hadi alipofariki katika ajali milimani mwezi Agosti 2023, kisha na Philippe Jost. Wengine walipendekeza paa la vioo au bustani juu ya kanisa. Mwaka 2020 iliamuliwa kwamba mnara na paa virudi kama vilivyokuwa. Mialoni ipatayo 2,000 ilikatwa katika misitu ya Ufaransa, na mafundi wakajifunza tena kuchonga mihimili kwa shoka.

Tarehe 7 Desemba 2024 Askofu Mkuu Laurent Ulrich aligonga mlango kwa fimbo ya kichungaji iliyotengenezwa kwa mti uliosalia kutoka paa la zamani. Askari wa zimamoto walipopita ndani, watu wote walisimama na kuwapigia makofi kwa muda mrefu. Kesho yake, sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili iliyogongana mwaka ule na Dominika ya Majilio, altare mpya ya shaba iliwekwa wakfu, ndani yake yakiwemo masalia ya Mtakatifu Catherine Labouré na Mtakatifu Charles de Foucauld. Kanisa lenyewe halikutabarukiwa upya, kwa maana kuta zilizopakwa krisma hazikuanguka.

Wiki chache kabla ya kufunguliwa, Waziri wa Utamaduni Rachida Dati alipendekeza kila mtalii atozwe yuro 5 mlangoni, fedha hizo zisaidie kukarabati makanisa mengine ya Ufaransa yanayochakaa. Hoja haikuwa mbaya. Jimbo Kuu lilijibu kwamba nyumba ya sala haina kiingilio, na kwamba bawabu hawezi kumtenga mtalii na mwenye kusali, kwa kuwa hata aliyeingia kutazama tu anaweza kujikuta amepiga magoti. Kanisa limebaki wazi bila malipo.